Kibati Chini ya Nyuzi

Nyinyi mnaokuja kwangu hapa Uyole na magitaa mgongoni, nawasikia mkicheka mkidhani masikio yangu yamekwisha. Hayajakwisha. Kilichokwisha ni magoti. Mnacheka mambo mawili. La kwanza, nikishika gitaa nakaa upande, kichwa kimelalia bega la kulia, na mwalimu wenu wa muziki kule mjini amewaambia kwamba mkao huo unaharibu shingo. La pili ni gitaa lenyewe, kwamba linapiga mluzi. Juzi mmoja wenu, simtaji, alichukua bisibisi akataka kunisaidia. Akasema, babu, hiki kibati cheusi chini ya nyuzi ndicho kinacholeta kelele, ngoja tukitoe. Nilimpiga kofi la mkononi. Leo nataka kumweleza sababu, maana kofi lisilo na maelezo ni ubabe tu.

Nyinyi mnaingia dukani mnachagua. Gitaa jekundu, gitaa jeusi, pedali ya mwangwi, pedali ya kukwaruza. Mimi nilipoanza, miaka ile ya hamsini kabla ya Uhuru, kuanzia Mbeya mpaka Iringa sikuwahi kuona duka linalouza gitaa la umeme. Nilikuwa nimelisikia tu kwenye sahani za santuri walizorudi nazo watu wa migodini. Sauti ile ilininyima usingizi. Nilijua ni gitaa, lakini gitaa gani linalolia muda mrefu hivyo bila kuchoka? Nilikuwa kijana wa Rungwe, nimekulia kwenye mvua na migomba, na umeme niliujua kwa radi.

Gitaa langu la kwanza, ambalo ndilo hili hili, lilikuwa la mbao la kawaida lenye tundu tumboni. Kaka yangu alirudi nalo kutoka migodi ya kusini. Alipooa, shemeji alikuwa ameokoka sawasawa, akasema katika nyumba yake zitaimba midomo, si mbao. Kaka hakubishana. Alinikabidhi gitaa kama mtu anayemgawa mbwa anayempenda, akaenda kulima kahawa, na sikumwona tena akipiga hata kofi la wimbo.

Kazi niliipata Iringa. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, na aliniombea kwa fundi redio mmoja Mhindi, Bwana Jivan, aliyehitaji mtu wa kusafisha redio na kushika taa wakati yeye anachungulia ndani. Mkitaka kujua upweke, nendeni mji wa watu mkiwa vijana, mji wenye upepo na mawe kama Iringa, msijue lugha ya nyumbani kwao. Wahehe ni watu wa adabu. Asubuhi kila mtu ananiambia “kamwene”, nami naitika “kamwene”. Lakini salamu haikai nawe jioni. Jioni nilikuwa narudi chumba cha nyuma ya duka, napika, nakula, nashika gitaa. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni mpweke. Bwana Jivan naye mke wake alikuwa ameondoka kurudi kwao Bara Hindi. Alikuwa anakula peke yake huku amewasha redio kwenye lugha asiyoijua, mradi kuwe na mtu anaongea.

Alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu hakupenda kufundisha. Ukiuliza, anakutazama kwanza kama umemwibia kitu, halafu anakuonyesha mara moja tu. Somo lake kubwa, na hili mliandike ukutani, lilikuwa la mkono mfukoni. Redio za zamani za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, zilikuwa na umeme wa kuua. Ukiingiza mkono mmoja ndani ya redio iliyowaka, mkono wa pili uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukukatiza kifuani. Nilidhani ni maringo ya kifundi. Nilikuja kuelewa baadaye, nitawaambia.

Siku moja aliletewa rundo la simu mbovu. Akafungua mkono wa simu, akatoa kile kidude cha sikioni. Ndani yake mna sumaku, mna waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa, na juu yake mna kibati chembamba cha chuma kinachotetemeka. Akakiunga nyuma ya redio, kwenye tundu la santuri, akasogeza mdomo akasema, “Moja, mbili.” Redio ikasema moja, mbili kwa sauti ya Bwana Jivan mwenyewe. Nilikuwa nimeelewa kitu kabla hajamaliza kusema mbili: kama kidude kile kinasikia mdomo, basi kitasikia na mbao.

Jioni ile nilikiomba. Nikakibandika kwa nta ya nyuki juu ya tumbo la gitaa, chini ya nyuzi, nikaunga waya kwenye redio ya duka. Nikagusa uzi. Sauti iliyotoka sitaweza kuieleza. Ilikuwa mbaya, inanguruma kama mzinga uliopigwa teke, lakini ndani ya mngurumo kulikuwa na uzi wangu, mkubwa, unalia kwenye kona ya chumba wakati mimi nimekaa kitandani. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikaliegemeza gitaa kwenye redio, joto la valvu likayeyusha nta, kidude kikaanguka ndani ya tundu, na nikatumia jioni yote iliyobaki kulitikisa gitaa kichwa chini kukitafuta. Tangu hapo natumia skrubu.

Mngurumo ulinisumbua. Nikasikia mahali kwamba ukifunga waya kutoka kwenye nyuzi mpaka kwenye chuma cha redio, mngurumo unapungua. Ni kweli, unapungua. Lakini redio nyingine za wakati ule zilikuwa na umeme mpaka kwenye mifupa, na yangu ilikuwa ya aina hiyo. Mkono mmoja kwenye nyuzi, mwingine nikasogeza redio. Niliamka nikiwa chini ya meza. Bwana Jivan alisimama mlangoni na sahani yake ya chakula, akanitazama mpaka akaona napumua. “Mkono moja mfuko,” akasema. “Mkono mbili, kaburi.” Akarudi kula. Kesho yake alinikatia mwenyewe waya ule, akanionyesha namna ya kuchagua redio yenye transfoma, ambayo umeme wake haugusi chuma cha nje. Na nyinyi, kabla ya kushika nyuzi na kipaza sauti kwa pamoja, mwulizeni mwenye mitambo maswali hata akikasirika.

Sasa namleta Sigfridi, maana bila yeye kibati ni kibati tu.

Alikuwa turniboi, yaani utingo, wa lori lililobeba chai kutoka Mufindi. Mhehe, mrefu, mwenye miguu myembamba na kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Alileta redio ya msimamizi wa shamba itengenezwe, akanikuta nyuma nimelaza gitaa mezani limeungwa, nakaza skrubu. Akainama kutazama, uso wake karibu kabisa na nyuzi, akasema, “Kumbe linasikia?” Na redio iliyokuwa nyuma yake ikasema, kumbe linasikia.

Aligeuka akadhani kuna mtu. Nami nilikuwa nimesikia kitu ambacho yeye hakukisikia. Mdomoni kwake sauti ile ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba njia. Spikani ilitoka pana na yenye mchanga kidogo, kama ya mtu mwingine aliyekomaa. Nikamwambia aseme tena. Hakusema, aliimba, kipande kifupi cha Kihehe, akiwa ameinama vilevile na shavu lake limegusa mbao. Alikuja kunieleza kwamba kwenye kwaya ya misheni walimweka mstari wa nyuma kabisa kwa sababu sauti yake haifiki mbele. Kwao mwimbaji alikuwa babu yake, mpiga ligombo, ile ala ya nyuzi ya Wahehe yenye kibuyu mwishoni. Mzee yule alikuwa anakiinamia kibuyu anapoimba, kana kwamba anakinong'oneza siri. Sigfridi alijifunza kuimba hivyo, na hakujua namna nyingine.

Basi tukawa wawili. Lori likilala Iringa, anakuja. Tunakaa benchi moja, gitaa mapajani mwangu, yeye kushoto kwangu ameinama juu ya shingo ya gitaa, mdomo wake karibu na kibati. Nyuzi zangu na maneno yake vinaingia kwenye tundu moja, vinapita waya mmoja, vinatoka spika moja. Hatukuwa na namna ya kuvitenganisha hata tungetaka. Nilijifunza kupumua anapopumua, maana hata pumzi zilisikika. Alinifundisha Kihehe cha kuombea chumvi, nami nilimfundisha Kinyakyusa cha kutukania, na alinitania kila siku kwamba watu wa migomba tuna vidole laini kama ndizi mbivu. Nilikuwa namwambia bora ndizi kuliko miguu ya korongo.

Majaribio yetu mngeyaita pedali. Siku za Jumapili mchana tulipiga kwenye kilabu cha ulanzi cha Mama Odilia, nje kidogo ya mji, kwa redio ya betri. Ulanzi unatoka kwenye mianzi wakati wa mvua, unakingwa kwa mbeta, kipande cha mwanzi, na ukiachwa mpaka jioni unakuwa na hasira, kwa hiyo watu walikunywa mapema na kucheza mapema. Nyuma ya kilabu palikuwa na tangi la maji la bati, tupu kwa sababu limetoboka chini. Tukatumbukiza spika ndani. Sauti ikatoka na mkia mrefu, kila neno la Sigfridi linarudi kulitazama lililotangulia. Hiyo ndiyo pedali yetu ya mwangwi. Ya kutetemesha sauti ilikuwa ungo. Unaushika mbele ya spika unaupepea, polepole kwa nyimbo za huzuni na haraka kwa dansi. Mama Odilia alikuwa mtu wetu wa ungo, na alikuwa hodari, ila akinogewa anasahau anaanza kupepeta kweli. Ya kukwaruza tuliletewa na panya, aliyetafuna karatasi ya spika. Nikaibandika karatasi ya daftari kwa uji wa wanga uliopoa, kiraka kikawa kinatetemeka peke yake, na nyuzi nene zikaanza kuunguruma kwa namna iliyowafanya wazee wainuke. Kiraka kilipokauka sawasawa sauti ikapona, wazee wakalalamika, nikakibandua upande mmoja.

Mluzi ulikuwepo tangu mwanzo, lakini kwa Mama Odilia ulikuwa mdogo. Kibati mnajua ubaya wake: kinasikia mdomo, kinasikia mbao, na spika ikiwa karibu na kubwa kinaisikia nayo, spika inajibu, kibati kinasikia tena, na mzunguko ule unakuwa mluzi wa kuvunja meno. Kwa redio ndogo ulikuwa unazimwa kwa kugeuza goti, gitaa likatazama kando. Basi.

Shida ilianza tulipopata bahati. Mtu mmoja mwenye ukumbi Mbeya alipita Iringa, akatusikia, akatwambia huko kwake kuna umeme wa mji, mashine kubwa ya kukuza sauti na spika mbili za ukutani, na watu wanataka dansi. Sigfridi aliacha lori. Mimi nilimuaga Bwana Jivan, akanipa bisibisi moja, akatoka mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mteja.

Ukumbi ule ulikuwa mkubwa na wa saruji. Tulikaa benchi letu, Sigfridi akainama, nikafungua sauti, na mluzi uliotoka ulifanya wanawake waache wenzao katikati ya sakafu wazibe masikio. Nikapunguza, sauti ya Sigfridi ikazama kwenye miguu ya wachezaji. Nikafungua tena, mluzi. Jioni nzima ikawa hivyo. Mwenye ukumbi alitufuata baadaye, si kwa ukali, akasema wazi kwamba Jumamosi ijayo mluzi uwe umekwisha au tupumzike.

Nilijua dawa yake, na Sigfridi alijua kwamba naijua. Ukitoa kile kibati, ukaiacha sumaku na waya wake tu, ukaviinua mpaka vikaribie nyuzi, kidude kinakuwa kiziwi kwa mdomo na kwa mbao. Kinasikia chuma kinachocheza juu yake tu, yaani nyuzi. Ndivyo magitaa yenu ya dukani yalivyo mpaka leo. Mluzi unakwisha, na sauti inakuwa safi.

“Toa kibati,” Sigfridi alisema.

“Na wewe?”

“Nitapaza.”

Yeye mwenyewe akaninyang'anya bisibisi akalegeza skrubu ya kwanza. Nilimalizia. Kibati nikakiweka kwenye kopo la tumbaku.

Jumamosi gitaa lilikuwa safi kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia mkononi mwangu. Lilikuwa na aibu moja: uzi wa tatu ulikuwa bubu. Kule Iringa ulikatika, nikaweka waya wa shaba wanaotegea sungura, na kibati kilikuwa kinausikia kama nyuzi nyingine. Lakini sumaku haina habari na shaba. Nilikuwa napiga, kidole kinaumia, spika imenyamaza. Nilichukua uzi mmoja wa breki ya baiskeli, ule wa chuma, nikauweka, ukalia. Jambo dogo. Sigfridi hakuwa na uzi wa baiskeli wa kumtengeneza. Alisimama mbele akapaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka, na watu waliokuwa mita chache waliona mdomo unafunguka tu. Wiki zilizofuata alipiga kayamba. Halafu akawa anakaa karibu na mlango akinitazama. Watu walinipenda sana miezi ile, na mimi nilikuwa natazama mlangoni.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia asubuhi moja kwamba kuna watu wanaandikisha vijana kwenda migodini kusini, na kwamba huko wenzetu wanarudi na vipaza sauti vya kweli, vya kusimama. Atanunua kimoja. Nilimwambia tungoje, nitabuni kitu. Akasema wewe buni, mimi nakwenda, tutaona nani atawahi. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Alikuwa amekaa juu ya mizigo kama zamani za uturniboi, kofia yake kichwani, na lori lilipoondoka aliimba kitu, nikaona mdomo ukifunguka.

Nilibaki Mbeya. Nilifungua meza yangu ya kutengeneza redio sokoni, na mwisho wa wiki nilipiga ukumbini peke yangu. Waimbaji walikuja, wenye vifua vya kupigia kelele, wazuri tu, walisimama hatua kadhaa mbali na mimi. Hakuna aliyehitaji kuinama. Nilibuni kweli. Nilijaribu kidude cha pili kwa ajili ya mdomo peke yake, kikaleta mluzi uleule. Nilirudi tena kwenye tangi, nikapata moja uani kwa mwenye ukumbi, na siku zisizo na dansi nilikuwa naweka spika ndani nipige mstari mmoja, ningoje urudi, nipige mwingine juu yake. Mtu akipita nje angedhani ni wapiga gitaa wawili. Nilijitengenezea mwenzangu kwa bati, na nawaambia ukweli kwamba hakuwa na mazungumzo, alisema nilichosema tu.

Nilipoitwa kutengeneza redio huko njia ya Iringa nilikuwa nashuka Igawa, magari yanaposimama watu wanunue mchele na kunyoosha miguu. Wenye masanduku ya mbao na makoti makubwa nilijua wanatoka migodini. Nikawauliza habari za Mhehe mrefu mwenye kofia ya sufu. Mmoja alisema Wahehe wote ni warefu. Mwingine aliniambia huko chini ya ardhi kila mtu ana kofia. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena.

Alirudi asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nimeinamia redio mezani nikaona miguu. Miguu ile ningeitambua popote, ila ilikuwa imebaki mifupa. Nilipoinua uso alikuwa anatabasamu, na akafungua mdomo kunisalimu, nikaona unafunguka. Sauti haikuwepo. Kulikuwa na hewa tu yenye umbo la maneno. Nikamkalisha, nikamsogelea mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake. Alisema kifua kimeharibika, wamemrudisha, kesho anapanda basi la Iringa kwenda kwa mama yake. Sikumuuliza habari za kipaza sauti.

Halafu akasema, “Kibati unacho?”

Nilikuwa nacho. Kopo la tumbaku lilikuwa chini ya kitanda, na kibati kilikuwa kimeota kutu. Nikakisugua kwa majivu na mafuta ya taa, kidogo kidogo, maana ukikikunja kimekwisha. Yeye alishika gitaa nami nikakaza skrubu. Mwenye ukumbi alituruhusu kupiga mchana ule, dansi la Jumapili, ingawa aliukumbuka mluzi na uso wake ulionyesha.

Sasa sikilizeni ufundi, kwa sababu hili sikulijua kabla ya siku ile na sikufundishwa na mtu. Niligeuza spika zote mbili zitazame ukuta. Moja nikaifunika blanketi langu. Benchi nikaliweka pembeni kabisa mwa ukumbi, migongo yetu ikiwa kwa spika. Halafu nikafungua sauti polepole kwa mkono wa kushoto mpaka mluzi ukaanza kuchungulia, nikarudisha unywele mmoja. Mahali pale, kabla kidogo ya mluzi, kibati kinasikia kila kitu kilichopo duniani. Nilisikia koti la Sigfridi likisugua mbao. Nilisikia mate yake. Mashine ilikuwa kwenye kiti mbele yangu, na kati ya mstari na mstari wa gitaa nilikuwa nanyoosha mkono kuishikilia swichi ya sauti isiteleze.

Akainama. Hewa ile ikaingia kwenye kibati, na kutoka kuta zote za ukumbi ikatoka sauti ya Sigfridi. Haikuwa ileile. Ilikuwa mnong'ono mkubwa, mnong'ono wa ukubwa wa nyumba. Aliimba kwa Kihehe akitaja njia ya kwao, kilima baada ya kilima, mto, kanisa, nyumba ya babu mwenye ligombo, na baada ya kila jina aliuliza kama wenyewe wamo. Wachezaji wengi walikuwa Wanyakyusa na Wasafwa, hawakujua hata neno moja. Waliacha kucheza wakasogea. Mwenye ukumbi alisimama mlangoni na trei mkononi.

Katikati kikohozi kikamshika. Mnajua kibati hakichagui. Kikohozi kile nacho kilitoka spika zote, kilitikisa mabati, na kulikuwa na majimaji ndani yake ambayo kila mtu ukumbini aliyasikia. Niliwahi swichi nipunguze. Sigfridi akaweka mkono wake wa baridi juu ya mkono wangu, akaubana pale pale.

“Acha,” akasema, na ukumbi mzima ukasikia. “Na hiki ni changu.”

Nikaacha. Alikohoa mpaka kikakoma, akapumua, wote tukasikia akipumua, akauliza habari za kilima kilichofuata.

Kesho yake nilimpandisha basi. Nilimpa blanketi langu. Hatukuagana kwa maneno mengi kwa kuwa injini ilikuwa inawaka na hakuna ambaye angemsikia. Kabla mvua hazijaanza, turniboi mmoja wa kutoka Iringa alisimama kwenye meza yangu akaniambia kwamba Sigfridi amezikwa kwao, karibu na babu yake. Nililia pale pale sokoni, bisibisi mkononi, na mteja mmoja mwenye redio alingoja kwa adabu mpaka nikamaliza.

Nimepiga gitaa miaka mingi baada ya hapo. Nimepata mashine nzuri, nimetengeneza magitaa ya watu, nimefunga sumaku za dukani kwenye mbao za kila aina, na zenu nitazifunga mkinunua, tena bila mluzi. Katika hili langu sijakitoa kibati tena. Ndiyo, linapiga mluzi. Mnigeuzie spika ukutani, mnifunikie moja kwa blanketi, mtafute pale kabla kidogo ya mluzi, mtasikia malori yakipanda kilima, mvua kwenye bati, na mzee akipumua.

Na huo mkao wangu, mwambieni mwalimu wenu kwamba shingo yangu ni nzima. Benchi letu lilikuwa fupi. Kichwa cha Sigfridi kilikuwa hapa, kati ya shavu langu na shingo ya gitaa, na nilisogeza changu kulia ili apate nafasi. Sijakirudisha.